Bamba lisilale gumu: jinsi ninavyogawa jioni zangu kati ya shaba, gita na rangi

Mchana mimi ni bobineri. Nasuka upya mota za umeme zilizoungua, nyingi zikiwa za mashine za kusaga mahindi, kwenye atelye (karakana) yetu iliyo Kenya, moja ya komini, yaani wilaya za mji, hapa Lubumbashi, Kongo. Jioni nafua shaba na kupiga gita, na Jumapili napaka rangi. Vijana wanaojifunza kazi kwetu huniuliza: “Mukubwa, wakati unautoa wapi?” Kwa muda mrefu niliwajibu kwamba nalala kidogo. Halikuwa jibu la kweli, maana kila usiku nalala kwa muda wa saa saba nzima. Jibu la kweli nililipata kwenye mota zenyewe, na leo nataka kulieleza vizuri, kwa sababu nimeona watu wengi wenye mikono mizuri wakiacha kitu walichokipenda kwa kuamini kwamba muda hautoshi.

Mota iliyoungua ikiletwa, unatoa nyaya za zamani huku ukihesabu mizunguko ya kila koili. Unasafisha mifereji ya chuma, unatia karatasi ya kuhami, unasuka waya mpya, unafunga, unapima. Kisha unaichovya yote kwenye vanishi, na vanishi hiyo lazima ikauke mpaka ndani, la sivyo mota itarudi kwako imeungua tena. Hapo ndipo penye somo. Hakuna bobineri anayekaa kuitazama vanishi ikikauka. Anavuta mota nyingine. Siku ya kawaida mezani kwetu kuna mota tatu: moja inavuliwa nyaya, moja inasukwa, moja inakauka. Mwenye mashine ya kusaga hapotezi hata saa moja kwa sababu ya zile mbili nyingine, maana hazigombanii mikono yangu kwa wakati mmoja.

Ilinichukua miaka kuona kwamba hata mambo ninayoyapenda yana vanishi yake.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Nakubali, lakini huwa nauliza: mbili zipi? Mtu akishika kazi mbili zinazodai saa ileile, nguvu ileile na mwanga uleule, kweli moja itamponyoka. Akishika mbili ambazo moja hupumzika wakati nyingine inafanyiwa kazi, anaweza kudumu nazo miaka ishirini. Kwa hiyo kabla sijaanza jambo lolote jipya sijiulizi litachukua saa ngapi. Najiuliza: nikiliacha wiki mbili, litakuwaje? Kuna jambo litakalonikuta kama nilivyoliacha, kuna litakalooza, na kuna litakalokuwa limesonga mbele lenyewe nikiwa sipo. Shaba yangu ni la kwanza, gita ni la pili, rangi ya mafuta ni la tatu.

Nianze na shaba, maana ndiyo niliyoikosea zaidi. Wazee wa huku huiita mukuba. Watu wa Katanga waliiyeyusha na kuifua karne nyingi kabla Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, haijaundwa mwaka 1906, na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha imefukuliwa kwenye makaburi ya kale ya bonde la Upemba. Mimi nafua mabamba membamba, unene wa nusu milimita hivi, ninayoyakata kwenye boila kuukuu za maji moto. Bamba linalazwa juu ya lami iliyochanganywa na unga wa matofali, kisha unalisukuma kutoka mgongoni kwa nyundo na tindo butu ili picha ivimbe upande wa mbele. Lami inaishika shaba isihame, na wakati huohuo inakubali kubonyea.

Sasa shaba ina tabia moja ambayo asiyeijua ataichukia: kila ukiipiga inazidi kuwa ngumu. Ndani yake kuna chembe zilizojipanga safu kwa safu, na safu hizo huteleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana inakubali kupewa umbo. Lakini kila pigo huvuruga mpangilio, safu zinakwamana, na baada ya muda nyundo inaanza kuruka. Sikio hujua kabla ya mkono. Bamba laini lina sauti nzito, du, du. Bamba gumu hulia ti, ti. Ukisikia ti, acha hapo hapo.

Dawa yake ni moto. Unalibandua kwenye lami, unaliweka juu ya makala (makaa) ya mbabula, lile jiko letu la makaa, unapepea kwa kipande cha katoni mpaka shaba ipate wekundu hafifu, ule wa kaa linalokaribia kuzimika. Hapo chembe hujipanga upya na ulaini unarudi. Mfua visu angeogopa kuchovya chuma chekundu kwenye maji kama hataki kiwe kigumu, lakini shaba haina shida hiyo: itie kwenye ndoo au iache ipoe yenyewe, itakuwa laini vilevile. Ngozi nyeusi inayobaki juu yake hutoka kwa ndimu na chumvi.

Wekundu huo hauonekani juani. Ukilainisha shaba saa nane mchana utalipitisha bamba bila kujua, na likizidi moto mafungu ya chembe zake hukua, ngozi yake inatoka vipele kama ganda la chungwa. Saa nzuri ni magharibi, jua likishazama na usiku haujaingia, na huku kwetu kipindi hicho ni kifupi, hakifiki nusu saa. Kwa hiyo makala yawe yameshika kabla. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja na kufika nyumbani giza likikaribia huwa anasema siku imekwisha. Kwa mfua shaba, saa hiyo ndiyo inayotakiwa, na mwenye kushinda nyumbani mchana kutwa hana cha kumzidi.

Nilikuwa nafua korongo mwenye taji kwa ajili ya arusi ya ndugu yangu. Ijumaa moja usiku niliacha kazi nikiwa nimechoka, bamba likiwa limeshaanza kulia ti, nikasema moto nitauwasha kesho. Kesho hiyo ilichukua wiki tatu. Kila nilipolitazama bamba niliona makala ya kununua, mbabula ya kuwasha, lami ya kubandua, na hayo yote kabla ya pigo moja la raha. Nikawa napita pembeni. Siku niliporudi, kwa kuona aibu, nilitaka kuonja mapigo machache tu kabla ya kuwasha moto. La nne au la tano likapasua shingo ya ndege, ufa mrefu kama ukucha wa dole gumba. Ufa kama huo kwenye bamba jembamba, mahali palipokwisha kuvimba, haufichiki. Arusi ilipita bila zawadi yangu, na jambo hilo bado linaniuma.

Tangu siku hiyo silali nikiacha bamba gumu. Hata kama nimefua robo saa tu, nikisikia limekaza nawasha moto jioni ileile, nalilainisha, nalirudisha kwenye lami, ndipo naoga. Nikirudi kesho au baada ya mwezi, naokota nyundo na kupiga. Shaba iliyolainishwa haikazi yenyewe ikiwa imekaa, itaningoja. Naamini miradi mingi ya watu wa kazi za mchana hufia hapa, kwenye ile hatua ya kuchosha waliyoiahirisha, ambayo sasa imesimama mlangoni na kuzuia zile tamu zilizo nyuma yake. Mshonaji aliyeacha sindano imekatika cherehanini anajua ninachosema. Tumia dakika kumi za mwisho za jioni kuondoa kizuizi cha jioni inayofuata. Dakika hizo zina thamani kuliko saa nzima ya kufua.

Gita haingoji hata kidogo. Sugu za ncha za vidole hulainika ukiacha kupiga kwa wiki chache, na zikilainika unaanza tena na maumivu. Halafu kuna mkono wenyewe. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gita Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alimkuta mpigaji aliyetumia dole gumba na kidole cha shahada tu. Vidole viwili, lakini kila kimoja na mwendo wake: gumba linatembea na besi bila kusimama, shahada inaimba juu yake. Huwezi kuufikiria mwendo huo huku unaupiga. Lazima uwe umeshaingia mkononi, na hauingii kwa kupiga saa tatu mfululizo Jumamosi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe, alionyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanashinda marudio mengi yaliyorundikwa siku moja. Yeye alikariri silabi zisizo na maana, hakuwa na gita, lakini kwa miaka yangu yote ya kupiga sijaona mkono unaojifunza tofauti na hivyo.

Basi gita ina dakika ishirini kila siku, baada ya kula bukari (ugali). Haina siku ya mapumziko, na kwa sababu ni ishirini tu haigombani na kitu. Umeme ukikatika ndiyo kwanza raha: giza halimzuii mpigaji, linamfundisha kutotazama vidole. Kuna majira nilikuwa nikipanga mambo yangu nikiomba umeme uwepo, na usipokuwepo nakaa nimenuna. Siku hizi kazi za giza zina nafasi yake na kazi za mwanga zina yake, na jioni isiyo na umeme si jioni iliyoibiwa.

Rangi nitaieleza kwa kifupi. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya kitani yaliyomo huvuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa, na Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi ukiwa na baridi kali, huchukua zaidi. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mafuta mengi. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza na kupasuka. Anayepaka picha moja tu kila siku atashindwa kuvumilia na ataharibu. Anayepaka Jumapili moja kwa wiki ana bahati, maana wiki nzima hewa inamfanyia kazi yake. Napaka asubuhi baada ya misa, kwa mwanga wa dirishani, kwa kuwa taa hudanganya rangi ya bluu na ya manjano. Usumbufu ni kuosha brashi. Nikiwa nazisugua huwa namkumbuka Bela Sara, mmoja wa wachoraji wa Hangar, atelye iliyoanzishwa mjini hapa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946. Bela alipaka kwa ncha za vidole vyake. Nimejaribu mara mbili. Mkono wangu ni mzito mno kwa hilo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya kupanga muda havilisemi, nalo ni jirani. Tunaishi familia nne kwenye lupango moja, yaani ua mmoja. Nyundo juu ya shaba inasikika mpaka barabarani. Jioni moja mama wa nyumba ya pili alikuja mlangoni amebeba mtoto, akasema kwa upole: “Baba, mutoto hawezi kulala.” Nikamwambia: “Unisamehe mama, naacha sasa.” Kesho yake nilimwendea, tukakubaliana: nyundo mwisho saa moja na nusu usiku. Mpaka huo umeisaidia kazi yangu kuliko saa yoyote ya mkononi. Nisingekuwa nao ningefua mpaka nichoke, na mkono uliochoka ndio unaopasua mabamba.

Idadi yangu ni tatu, na siongezi. Wakati mmoja nilikuwa na saba, zikiwemo kuchonga mti wa mulombwa na kutengeneza redio. Nilikuwa nikipoteza jioni nzima kuamua nianze na ipi. Zile nne nimeziandika ukurasa wa mwisho wa daftari, na nitaanza moja kati ya hizo siku ambayo mojawapo ya hizi tatu itatoka. Daftari hilo lina kazi nyingine pia: kila nikimaliza, naandika mstari mmoja wa jambo la kwanza ambalo mkono utafanya nikirudi. Siandiki “endelea na ndege”. Naandika “bawa la kushoto, manyoya matatu ya chini, tindo nyembamba”. Nikirudi nimechoka kutoka kwenye mota, sina akili ya kupanga, lakini kutii naweza.

Kuhusu fedha, nauza shaba tu, na oda moja kwa wakati. Gita siipeleki kwenye bar wala kwenye arusi, ingawa wameniomba. Ukishapokea fedha umepokea na tarehe, na jambo lenye tarehe huwapanda mgongoni wenzake wote. Wengine wana nguvu ya kubeba tarehe tatu. Mimi nina tarehe za mota za kutosha.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa atelye alinieleza shida yake. Anaimba kwaya, anatengeneza magari ya waya, na anataka kujifunza kushona. Nilimuuliza lile swali la wiki mbili. Alifikiri, akasema kwaya itamwacha, waya hautaenda popote, na kushona bado hajui. Tukaanza na hilo tu, bila ratiba yoyote. Juzi nilipofungua kabati la vifaa nilikuta gari la waya halijaisha, limewekwa pembeni kwa uangalifu. Koleo lilikuwa kando yake, waya umekwisha kukatwa kwa kipimo, na kwenye ekseli kimefungwa kikaratasi: “gurudumu la mbele, kushoto”.