Sailensa ya gari dogo: ichague ukiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa

Kijana mmoja wa mtaa wa Barani aliniletea Demio yake, ile ya 1300, akanionyesha video kwenye simu. "Ami, nataka ilie hivi." Nilipoisikiza nilijua mara moja kuwa ni Subaru. Nikamwambia, "Mwanangu, sauti hiyo haikutoka kwenye sailensa. Imetoka kwenye injini."

Hakuniamini, nami simlaumu. Wengi wanaokuja gereji yangu hapa Malindi wanafikiri sauti hununuliwa dukani, ukafunga sailensa fulani ukapata mlio fulani. Sailensa haitengenezi sauti hata kidogo. Kazi yake ni ya kifumbu: nazi ndiyo injini, tui ndiyo sauti, na kifumbu huamua tu nini kipite na nini kibaki. Ukitia nazi moja usitegemee tui la nazi nyingine.

Subaru ile ina silinda nne zilizolala, mbili kulia mbili kushoto, na katika zile za zamani mabomba ya manifoldi, yale yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda, yalikuwa na urefu usiolingana. Moshi wa silinda moja hufika mapema, wa nyingine huchelewa, ndipo ukasikia ule mlio wa dugu-dugu. Subaru wenyewe walipokuja kusawazisha mabomba hayo, mlio ukapotea. Demio, Fit, na Vitz za 1.3 na 1.5 zina silinda nne zilizosimama kwenye mstari mmoja, na mapigo yake yanafuatana sawasawa kama mtu anayetwanga peke yake. Uzuri wake ni wa namna nyingine: mlio ulionyooka, safi, unaopanda vizuri unapokanyaga mafuta. Vitz ya 1.0 yenye silinda tatu, nayo ina ukoo wake. Mapigo yake ni machache, kwa hiyo sauti ni nzito kidogo na ina chembechembe, na mimi naipenda kuliko zote ikiwekewa sailensa inayoifaa. Watu wanaidharau kwa udogo wake tu.

Mimi nimekulia Lamu, mjini kwenyewe, ambako vichochoro havipitishi gari na mzigo hubebwa na punda. Injini ya kwanza kuijua ilikuwa ya mashua. Usiku tukilala darini tulitambua mashua ya nani inaingia kwa mlio wake tu, kabla taa haijaonekana. Ndiyo maana mteja akija simuulizi kwanza anataka sailensa gani. Namuuliza anaendesha wapi, kwa mwendo gani, na nani hukaa kiti cha nyuma.

Kabla sijajifunza kuliuliza swali hilo, nilikaribia kupoteza mteja. Muuguzi mmoja alikuwa akienda Kilifi na kurudi kila siku kwa Fit yake. Sailensa ya nyuma ilikuwa imeoza, naye akataka kitu chenye sauti kidogo. Nikamwekea kasha dogo la duara, bomba la inchi mbili na nusu, na ile rezoneta, kasha la katikati ya bomba linalosaidia kupunguza mvumo, nikaikata kwa sababu nayo ilikuwa imeanza kutu. Uani ilinguruma vizuri, sote tukafurahi. Siku ya nne akarudi ameshika kichwa. "Fundi, nikifika tisini inavuma masikioni mpaka naumwa. Hata indiketa siisikii ikilia." Tukatoka naye barabara ya Mombasa. Hatujafika Gede mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kimejaa.

Injini ya silinda nne hupiga mara mbili kila inapozunguka. Ikiwa kwenye mizunguko 2400 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa safari kwa gari dogo, hayo ni mapigo 80 kwa sekunde. Mawimbi ya sauti ya mapigo 80 katika hewa ya joto letu yana urefu wa mita nne na kitu, na nusu yake ni kama mita mbili na robo. Sasa pima ndani ya gari dogo kutoka kioo cha mbele mpaka mlango wa nyuma. Utapata hapo hapo, mita mbili na ushee. Yaani gari zima linageuka mtungi, na mlio huo ndio unaolingana na tumbo la mtungi. Injini inapuliza mdomoni, na wewe umekaa ndani. Huo ndio mvumo, na hausikiki uani, kwa sababu uani gari halina mzigo, na wewe umesimama nje.

Video ya simu nayo haikusaidii. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa sauti nzito ya mapigo 80, kwa hiyo kile kitakachokuumiza kichwa ndicho hasa usichokisikia kwenye video.

Sailensa ziko namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ya vyumba: ndani kuna kuta, na moshi huzungushwa chumba hadi chumba ili mawimbi yarudiane na kuuana. Hii hukata vizuri sauti nzito, lakini inabana pumzi kidogo. Sailensa nyingi zinazokuja na gari kutoka kiwandani ni za ukoo huu. Ya pili mimi naiita ya pamba: bomba moja lililotobolewatobolewa linapita katikati ya kasha, na pembeni kumejazwa pamba ya vioo au sufi ya chuma. Ukichungulia unaona mwanga upande wa pili. Hii hupitisha moshi bila kizuizi na hula ile mikwaruzo myembamba ya bati, ila sauti nzito inapita karibu nzima. Kwa hiyo ukiondoa vyumba vyote ukabakisha pamba peke yake kwenye kasha dogo, umeondoa kile tu kilichokuwa kikikulinda na mvumo. Ndilo kosa nililomfanyia yule muuguzi.

Ninavyofanya siku hizi kwa gari la 1.0 hadi 1.5 ni hivi. Rezoneta ya katikati inabaki, na kama imeoza naweka nyingine. Sailensa ya nyuma naweka ya pamba, yenye kasha kubwa kadiri nafasi ya chini ya buti inavyoruhusu. Kasha refu na nene linanyamazisha vizuri zaidi kuliko fupi lenye jina kubwa. Ukinunua, tazama matundu ya bomba la ndani. Matundu ya duara yaliyotobolewa safi ni bora kuliko yale yaliyoinuliwa kama makucha ya mbuzi ya kukunia nazi, maana makucha yanakwaruza moshi na mlio unatoka na ukali. Na ujue pamba huungua polepole. Sailensa iliyo tulivu leo itaongeza sauti kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo ikiwa mpya tayari inakaribia kukukera, usiichukue.

Kipenyo cha bomba ndipo vijana wanapopotea. Wanataka inchi mbili na nusu au tatu kwa sababu wameona kwenye gari la turbo. Vitz ya 1.0 inatosheka na inchi moja na robo tatu, ya 1.3 na 1.5 inatosheka na inchi mbili. Ukizidisha hapo, moshi unapoa na kupunguza mwendo ndani ya bomba, na sauti inakuwa tupu kama kupiga debe. Nguvu nayo huipati. Anayekuahidi farasi kumi kwa kubadilisha sailensa ya nyuma ya Demio anataka pesa zako. Ule mdomo mpana unaong'aa pale mwisho ni pambo, mimi sina ugomvi nao, mradi utokeze nje ya bampa. Bomba likiishia chini ya gari, moshi hunyonywa na kurudi ndani kupitia mlango wa nyuma, na ile kaboni monoksaidi haina harufu. Mtoto akilala kiti cha nyuma hutajua kama ni usingizi.

Kama mvumo bado upo baada ya yote hayo, kuna dawa ya bei ndogo ambayo mafundi wengi hawaitumii. Unachomelea bomba la pembeni lililozibwa mwisho, likitoka kwenye bomba kuu kama tawi. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi likiwa kinyume, na linaua lile lililokuja. Urefu wake ni robo ya wimbi. Kwa mapigo 80, na moshi ulio moto pale nyuma, ni kama mita moja na robo hadi moja na nusu, kutegemea joto. Unalikunja lifuate chini ya gari. Lile la muuguzi nililikata refu kwanza, nikawa nalipunguza vidole viwili viwili, tukienda barabarani na kurudi, mpaka mvumo ukazimika. Ilichukua asubuhi nzima.

Sasa chumvi. Malindi na Lamu bomba la chuma cha kawaida linaliwa kutoka nje na upepo wa bahari, lakini adui mkubwa yuko ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji. Kwenye safari ndefu yanatoka kama mvuke. Kwa anayetoka Maweni kwenda sokoni na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha, maji yanatulia ndani ya sailensa yakiwa yamechanganyika na asidi. Juzi nilipasua ya Passo kwa grainda, ikamwaga maji ya rangi ya chai ya rangi, kama nusu jagi, na pamba yote ikatoka imeshikana kama matope. Nje rangi ilikuwa bado nzima. Kwa hiyo hakikisha kuna kitundu cha milimita tatu hivi pale chini kabisa pa kasha. Mteja huja akilalamika sailensa mpya inavuja maji. Ndivyo inavyotakiwa, mama, iache ivuje.

Ukienda kununua chuma cha stenlesi, chukua sumaku. Ile aina bora ya 304 karibu haishiki sumaku. Ya 409 inashika, na itapata kutu ya juujuu lakini bado itaishi zaidi ya chuma cha kawaida. Usikubali bomba la maji lililopakwa zinki. Linang'aa, ni rahisi, na linapochomwa hutoa mafusho yanayompa fundi homa.

Za mtumba kutoka Japani mimi nazipenda, hasa zenye kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa wa huko, maana zimepimwa sauti. Japani inadai sailensa za kubadilishia ziwe zimeidhinishwa kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 2010. Zigonge kwa fundo la kidole: ikilia kengele ni nzima, ikitikisika kokoto ndani, iache hapo hapo.

Wako pia wanaokuambia utoe kata, kile kifaa cha kusafisha moshi, ili sauti ifunguke. Nasema wazi, usikubali. Ndani mna madini ghali, platinamu, paladi na rodi, na ndiyo sababu anaitaka yeye. Utabaki na mlio wa bati, harufu inayochoma macho, na taa ya injini isiyozimika. Sheria ya Trafiki ya Kenya nayo inataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 juu ya hapo. Lakini hata pasingekuwa na sheria, kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga, kuna watu wameamka alfajiri kusali. Sauti ya gari lako isiingie chumbani kwa mtu.

Na kabla ya kununua chochote, hakikisha unachokisikia si tundu. Gari likiwa baridi, liwashe, shika kitambaa kinene uzibe mdomo wa bomba kwa muda mfupi. Ukisikia linapumua tss tss mahali pengine, una gasketi iliyokufa au kiungo kilichopasuka. Wengi waliokuja kwangu wakitaka sailensa mpya walirudi nyumbani na gasketi na mipira miwili ya kuning'inizia.

Ile Demio ya Barani haikuwa na tundu. Nilimwekea ya pamba ya mtumba, kasha refu, inchi mbili, rezoneta nikaiacha. Uani alinyamaza, nikaona uso wake kuwa hajaridhika, kwa sababu aliposimama nyuma yake ilikuwa na sauti ya chini tu. Nikamwambia tutoke. Tukavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, vioo vimefungwa. Kwenye gia ya pili nikamwambia akanyage mpaka 5000. Ikapanda, safi, bila kukwaruza, akageuka kunitazama. Halafu akatulia kwenye tisini. Akawasha indiketa apishe matatu iliyokuwa nyuma yetu, na sote wawili tukaisikia: tik, tik, tik.