Mkorogo haurudishi ujana wa ngozi

"Ukitaka ngozi ya kitoto, jipake mkorogo." Maneno haya husikika saluni nyingi, na kwa wiki chache huonekana kweli: uso unang'aa, madoa yanafifia. Balaa liko chini ya mng'ao huo. Mikorogo mingi hutiwa haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) kama klobetasoli. Steroidi hupunguza kolajeni, protini inayoishika ngozi isilegee. Ngozi hukonda, vimishipa huonekana, michirizi hujitokeza na kidonda kidogo tu huchelewa kupona. Huo ndio uzee wenyewe, ila umeitwa mapema! Haidrokwinoni ya muda mrefu huweza kuacha mabaka ya buluu-nyeusi mashavuni, magumu mno kuyaondoa. Zebaki hudhuru figo.

Tena weusi wetu ni kinga: melanini, rangi asilia ya ngozi, hupunguza miale ya jua inayozeesha ngozi. Anayejichubua anakunja mwavuli jua la utosi.

Kama umeshautumia mkorogo kwa miezi, tafadhali usikatishe ghafla peke yako, maana uso huweza kuwaka moto na kutoka vipele. Nenda kwa daktari wa ngozi, na ubebe kopo lenyewe alione.