Je, wajua kwa nini ensaiklopidia ya mabingwa ilikwama na ya watu wote ikakua?

Machi 2000 ilifunguliwa mtandaoni ensaiklopidia iliyoitwa Nupedia. Mwanzilishi wake alikuwa Jimmy Wales, na mhariri mkuu alikuwa mwanafalsafa Larry Sanger. Masharti yalikuwa makali. Wahariri wawe wataalamu kwelikweli, ikiwezekana wenye shahada ya uzamivu, na kila makala ipite hatua saba: kupewa mwandishi, kutafutiwa mkaguzi mkuu, kukaguliwa naye, kukaguliwa hadharani, kusahihishwa lugha na mhariri aliyeteuliwa, kusahihishwa lugha hadharani, kisha kupitishwa. Mradi ulipofungwa mwaka 2003, makala zilizovuka hatua zote hazikufika 30.

Tarehe 15 Januari 2001, watu wale wale walikuwa wamefungua tovuti ya pembeni ambako yeyote aliweza kuandika bila kuomba ruhusa. Walitumaini ingewapatia Nupedia rasimu za kukagua. Tovuti hiyo ya pembeni ndiyo Wikipedia, na mwaka wake wa kwanza haukuisha kabla haijakaribia makala 20,000.

Wanaosimulia habari hii wengi huishia kusema wataalamu hawafai kwa kazi ya namna hii. Hapo wanakosea. Kilichoiua Nupedia ni mahali wataalamu walipowekwa: mlangoni. Hatua saba zikifuatana, kila moja ikimsubiri mtu mmoja mwenye shughuli zake, makala huenda kwa mwendo wa aliyechelewa kuliko wote. Mkaguzi akisafiri, foleni nzima imesimama. Na mwandishi wa kujitolea hana ujira mwingine zaidi ya kuona alichoandika kimetokea na watu wanakisoma. Ukimweka miezi minne akisubiri, umemnyima mshahara wake, naye ataondoka kimya kimya.

Basi ukitaka kujenga ensaiklopidia inayoongozwa na wataalamu na kuandikwa na umma, swali la kujiuliza ni mtaalamu akae wapi.

Kusafisha kuwe rahisi kuliko kuchafua

Kabla ya mtaalamu, ipo nguzo moja isiyoonekana sana: historia ya ukurasa. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia na ambayo yeyote anaweza kuichukua bure, haifuti toleo la zamani. Kila mtu akihifadhi alichoandika, toleo jipya linawekwa juu ya lile la awali pamoja na jina la mhariri, saa, na muhtasari wa alichobadilisha. Mtu akijaza matusi kwenye makala, anayesafisha halazimiki kuandika chochote upya. Analirudisha toleo la kabla ya uharibifu kwa kubonyeza mara mbili. Aliyeharibu katumia dakika tano, aliyesafisha sekunde tano. Maadamu hesabu hiyo iko upande wa wasafishaji, mlango unaweza kubaki wazi. Ikiwa kutengua hariri mbaya, yaani badiliko baya lililohifadhiwa, kunahitaji kumwandikia msimamizi na kungoja jibu, kasoro iko kwenye ujenzi wenyewe, na kuongeza sheria hakutaiponya.

Lakini historia haimsaidii yeyote kama hakuna jicho linalotazama. Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John Kennedy na nduguye Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, na ulikaa pale miezi minne hivi. Ukurasa ulikuwa mpya, haukuwa kwenye orodha ya maangalizi (kurasa ambazo mhariri huarifiwa zikibadilishwa) ya mtu yeyote, na hapakuwa na hata tanbihi moja ya kumshtua msomaji. Desemba mwaka huo wasiojiandikisha walizuiwa kuanzisha kurasa mpya. Wajerumani walikwenda mbele zaidi: tangu 2008, katika Wikipedia yao, hariri ya mgeni huhifadhiwa mara moja, ila msomaji wa kawaida huonyeshwa toleo la mwisho lililopitiwa na mhariri mzoefu.

Utaratibu huo wa Kijerumani ni mzuri na una sumu yake. Foleni ya kupitia hariri ikirefuka, umeirudisha Nupedia kupitia dirishani. Kipimo cha kushika: hariri ya zamani kuliko zote kwenye foleni ikizidi wiki moja, punguza kurasa zinazolindwa. Bakiza wasifu wa watu walio hai, tiba na dawa. Makala kuhusu vimondo au historia ya uchapaji zinaweza kujitetea zenyewe kwa historia na maangalizi.

Hata bila kizuizi cha mlangoni, matokeo hayakuwa mabaya kama ilivyohofiwa. Desemba 2005 jarida la sayansi la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi zilizolinganishwa kutoka Wikipedia na Britannica, ensaiklopidia kongwe ya Kiingereza, bila kuwaambia ipi ni ya nani. Kwa wastani makala ya Wikipedia ilikuwa na makosa manne hivi, ya Britannica matatu. Britannica waliupinga uchunguzi huo kwa ukali.

Dakika kumi za mtaalamu

Tuchukue sentensi moja: “Nyuki akishadunga hufa.” Mchangiaji mmoja anaiandika, wa pili anaiwekea tanbihi ya kitabu cha shule. Tahajia safi, chanzo kipo, na kila msomaji anakubali kwa kuwa ndivyo alivyosikia tangu utotoni. Mtaalamu wa wadudu anaisoma mara moja na kuona imevuja sehemu tatu. Anayekufa ni nyuki wa asali. Wale wa jenasi ya Bombus, nyuki wanene wenye manyoya, hudunga na kurudia. Katika mzinga wa nyuki wa asali wenyewe ni kibarua, yaani jike mtenda kazi, anayekufa, kwa sababu dume hana mwiba kabisa, na mwiba wa malkia ni laini zaidi, anaweza kuutumia tena. Tena kibarua hufa akimdunga mamalia, ambaye ngozi yake hunasa vimeno vya mwiba, naye akijing’oa tumbo hupasuka. Akimdunga mdudu mwenzake, kwa kawaida huuchomoa mwiba na kuendelea na safari.

Hakuna aliyedanganya pale. Sentensi ilikosa mipaka tu, na mipaka ndiyo kitu ambacho mtu wa kujitolea, hata akiwa makini kiasi gani, hukosa kwa urahisi, maana kitabu alichokitegemea nacho hakikuitaja. Sasa angalia alichotoa mtaalamu: hakuandika makala, hakuipitisha makala. Aliacha maelezo ya mistari mitano kwenye ukurasa wa majadiliano, ule wa pembeni ambako wahariri huijadili makala, na kutaja kitabu kinachothibitisha kila nukta. Mchangiaji mwingine akaandika upya jioni ile ile. Dakika kumi.

Angalia pia kwamba alitaja kitabu. Neno la mtaalamu, hata awe bingwa wa dunia, lisiwe chanzo. Msomaji haoni aliyeko nyuma ya jina, na vyeo hughushiwa: mwaka 2007 mhariri maarufu wa Wikipedia, aliyejitambulisha kwa muda mrefu kama profesa wa dini, aligundulika kuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada alizozidai. Ndiyo maana kanuni ya Wikipedia ya kutokuweka utafiti wa mtu binafsi ambao haujachapishwa inambana mtaalamu kama inavyombana mwanafunzi.

Kumthibitisha mtaalamu si kazi kubwa. Barua pepe ya taasisi anayofanyia kazi, orodha ya machapisho yake, na tamko la wazi la maslahi: nani anamlipa, ana hisa wapi. Kisha mpe uwanja wenye ukuta. Mkemia asiongoze makala za historia kwa kuwa tu ana shahada kubwa. Na kila fani iwe na wataalamu wawili angalau. Fani ya mtu mmoja hugeuka shamba lake.

Mamlaka yake nayo yapimwe. Afadhali mtaalamu aweze kusimamisha mabadiliko ya aya yenye ubishi kwa saa 48 huku akidai vyanzo, kuliko aweze kufuta anachotaka. Akinyimwa mamlaka yote, atachoka kubishana na mtu asiye na kazi nyingine ya kufanya, naye ataondoka. Hilo limewatoa baadhi ya wataalamu Wikipedia. Akipewa yote, watakaoondoka ni wachangiaji.

Sanger mwenyewe alijaribu tena. Citizendium, aliyoitangaza 2006 na kuifungua kwa umma Machi 2007, ilidai kila mtu atumie jina lake halisi na iliwapa wataalamu kazi ya kuidhinisha makala. Baada ya miaka kadhaa ilikuwa na makala zaidi ya 16,000, lakini zilizoidhinishwa hazikufika 200. Safari hii umma uliweza kuandika tangu mwanzo, ila muhuri wa mtaalamu ulikuwa juu ya makala nzima, na makala nzima haiishi kamwe. Muhuri unaofaa ni wa toleo: “toleo la tarehe fulani limekaguliwa na fulani.” Ukurasa uendelee kubadilika, na msomaji aweze kulinganisha toleo lililokaguliwa na la leo.

Encyclopedia of Life, ensaiklopidia ya viumbe iliyofunguliwa Februari 2008 ikiwa na kurasa 30,000 hivi, ilipita njia nyingine. Mifupa ilitoka kwa wataalamu: orodha za majina ya kisayansi, kila spishi ukurasa wake. Nyama ilitoka kwenye hifadhidata za makumbusho na kwa watu wa kawaida waliotuma picha. Picha ambayo haijakaguliwa ilionyeshwa, lakini kwa alama ya rangi ya manjano hadi mtaalamu aitazame. Msomaji alipata kitu siku ile ile, na alijua akiamini kwa kiasi gani.

Kazi ndogo yenye umbo

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilijengwa na umma kabla ya umeme kuenea. Mwaka 1879 mhariri James Murray aliwaomba wasomaji wa kawaida wamsaidie, na vikaratasi vikamiminika kwa posta: neno, mwaka, mwandishi, jina la kitabu, ukurasa, na sentensi lilimotumika. Hakuwaomba wamweleze maana ya neno. Maana ilikuwa kazi yake na wasaidizi wake.

Ukimwambia mgeni “karibu, andika makala kuhusu volkano,” atafunga dirisha. Mwambie “aya hii haina tanbihi, itafutie moja,” atafanya, na kesho atarudi. Tayarisha mamia ya kazi kama hizo kabla hujaita watu: kuweka picha penye nafasi tupu, kuunganisha makala yatima (zisizoelekezwa na kiungo chochote) na nyingine, kuongeza tarehe.

Usifungue tovuti tupu pia. Wahariri wa Wikimedia, jumuiya iliyo nyuma ya Wikipedia za lugha zote, wana orodha ya makala 1,000 hivi ambazo kila Wikipedia inapaswa kuwa nazo. Kwa mradi mpya mia moja zinatosha kuanzia, ziandikwe na kundi la mwanzo, ishirini kati yake zikiwa nzuri hasa, kwa sababu mgeni huiga anachokikuta. Akikuta mbegu, yaani makala changa, za mistari miwili, ataongeza mbegu.

Leseni nayo iamuliwe kabla ya hariri ya kwanza. Kila mchangiaji ndiye mwenye hakimiliki ya maneno yake. Ukigundua baada ya mwaka kwamba ulikosea leseni, itakubidi uwatafute wote uwaombe idhini. Creative Commons BY-SA, inayoruhusu yeyote kutumia na kubadilisha kwa sharti la kutaja waandishi na kutoa kazi mpya kwa leseni ile ile, ndiyo inayotumiwa na Wikipedia. Ukichagua inayokataza matumizi ya biashara, hutaweza kuchanganya makala zako na zao.

Yanayooza polepole

Uharibifu wa matusi huonekana. Wa hatari ni ule unaopendeza. Mwaka 2020 iligundulika kwamba Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani na Kiingereza, ilikuwa na makala zaidi ya 20,000 zilizoandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti. Alikuwa akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja kwa kamusi. Idadi ilipanda kwa miaka, na kila aliyetazama takwimu alifurahi. Chagua makala kumi kwa bahati nasibu kila mwezi, umpe mzungumzaji hodari wa lugha azisome kwa sauti. Atakayejikwaa kila mstari anakuambia kitu ambacho takwimu hazisemi.

Pia kuna mduara: makala inasema jambo bila chanzo, mwandishi wa gazeti analinakili, kisha mtu anarudi na kuweka gazeti lile kama tanbihi. Dawa ni kulinganisha tarehe. Fungua historia ya ukurasa, tafuta siku sentensi ilipoingia. Ikiwa gazeti limechapishwa baada ya hapo, hiyo si tanbihi.

Na viungo hufa. Ukurasa ulioutegemea leo utahamishwa, utafutwa, au kikoa chake, yaani anwani ya tovuti, kitanunuliwa na wauza dawa za kupunguza unene. Unapoweka tanbihi ya mtandaoni, hifadhi nakala ya ukurasa huo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani, siku ile ile, na uweke viungo vyote viwili pamoja na tarehe uliyoutembelea. Boti, yaani programu inayofanya kazi yenyewe, inaweza kuvipitia baadaye na kubadilisha kilichokufa kwa nakala yake, mradi nakala ilichukuliwa ukurasa ukiwa bado hai.