"Nyumbani mnaongea lugha gani?" Swali linalotudanganya walimu

Kila Januari wakija kidato cha kwanza nawagawia kikaratasi, swali moja tu, nyumbani mnaongea lugha gani, na kila mwaka darasa langu hapa Masasi, kusini mwa Tanzania, linaniandikia Kiswahili. Darasa zima! Miaka ya mwanzo niliamini kabisa, si wameandika wenyewe.

Alafu siku ya kikao cha wazazi akaja bibi mmoja, nikampa shikamoo akaitikia kwa Kiswahili safi, akamgeukia mjukuu wake wakaanza Kimakua mwanzo mwisho, binti anajibu huku ananiangalia kwa jicho la pembeni kama nimemfumania. Baadae namuuliza mbona uliandika Kiswahili, ananambia "si uliuliza lugha tichaa, ile ni kilugha."

Kosa langu. Siku hizi nauliza hivi: ukiwa na bibi kwenye korosho mnaongeaje, mama akigomba anagomba kwa lugha gani, nyie watoto mkicheza je? Yani majibu yanageuka, Kimakua, Kiyao, Kimakonde, mwingine baba Mmwera mama Myao na Kiswahili ndo msuluhishi wa nyumba. Sensa nayo haisaidii, hata kabila lenyewe halijaulizwa tangu 1967, sembuse lugha.

Sasa Kiingereza kinaingiaje hapo? Kimakua hakina b, d wala g, ila kinatofautisha p kavu na ph yenye pumzi. Nina kijana kalelewa na bibi yake, kwenye imla natamka big yeye anaandika pik, nikamwekea mikosa mpaka ukurasa ukawa mwekundu, kumbe hata daftari lake la Kiswahili limejaa "kari" badala ya gari. Nikamwambia weka kiganja mbele ya mdomo, tamka pig kwa Kiingereza, pumzi inakugonga, tamka big, haikugongi. Akacheka! Ile p ya pig ni ph ya bibi yake, na b anaisikia kama p kavu, kwa hiyo tofauti alikuwa anaisikia siku zote, herufi ndo alikuwa hana. Wayao nao irabu fupi na ndefu wamezinyonya nyumbani, ship na sheep haviwasumbui sana masikio kama wale wa Kiswahili kitupu, maana Kiswahili hakina mchezo huo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kilugha kinaua Kiingereza mi namshangaa. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia fomu wani anakuta baiolojia, jografia, hesabu, zote Kiingereza, afu lawama anabebeshwa bibi yake.

Na kwenye mlango wa ofisi ya walimu tuna kibao, no inglishi no sevisi. Juzi yule binti alisimama pale tumbo linamuuma, midomo inacheza anatafuta neno, hakulipata, akarudi darasani kuinamia dawati. Nilikitoa kibao jioni ile ile. Asubuhi nimekikuta kimerudishwa, na safari hii kimepigwa misumari.