Julai ndiyo ya kwenda Tenkasi

Kila mwaka ikikaribia Juni ujumbe ni ule ule. Mtu anampeleka mama yake Madurai, India, kwa matibabu ya macho, au baba Chennai kwa moyo. Baada ya matibabu daktari anataka mgonjwa akae wiki mbili tatu kabla ya kupanda ndege. Familia imechoshwa na honi za mjini na inatafuta mji mdogo, mtulivu, chini ya milima. Nawaambia: nendeni Tenkasi. Jibu linalorudi nimeshalikariri: "Lakini kaka, Julai India ni masika. Tumeona kwenye runinga watu wanavuka barabara maji yakiwa kiunoni. Bora tusubiri Desemba."

Bora tusubiri Desemba! Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Kazi yangu ni hali ya hewa, na kwa miaka mingi nimefuatilia upepo wa kusi kuanzia unapotuacha sisi watu wa pwani hadi unapofika kwenye milima ya India Kusini. Ngoja nilieleze hili jambo kwa urefu mara moja, kisha atakayeniuliza nitamtumia ukurasa huu.

Zile picha za runinga mara nyingi ni za Mumbai. Mumbai iko pwani ya magharibi, uso kwa uso na upepo wa Julai, na mvua zake za mwezi huo ni za kweli. Tenkasi iko Tamil Nadu, upande wa pili wa milima. Karibu nusu ya mvua za mwaka za jimbo hilo hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, upepo ukiwa umegeuka na kuja kutoka kaskazini mashariki. Kumwambia mtu asiende Tenkasi Julai kwa sababu Mumbai kuna mafuriko ni sawa na kumzuia kwenda Dodoma kwa sababu Pemba inanyesha. Hakuna Mtanzania atakayekubali hoja hiyo kuhusu nchi yake. Mbona tunaikubali kuhusu India?

Tuanze na upepo wenyewe, maana ni wetu. Kusi ikishashika kwetu, hewa ile haiishii Lamu. Inapanda kandokando ya nyanda za juu za Kenya, inavuka ikweta, inapita Somalia, kisha mzunguko wa dunia unaipinda kulia na inakata Bahari ya Arabia ikielekea India. Mwaka 1969 mtaalamu wa Kiingereza, Findlater, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba huu si upepo uliotawanyika ovyo ila ni mkondo mwembamba wenye kasi kubwa, na nguvu yake iko kilomita moja hadi moja na nusu juu ya ardhi. Vipimo alivyovitegemea vilitoka kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki. Njiani mkondo huo unabeba mvuke wa bahari, na tarehe ya kawaida ya kuutarajia Kerala, jimbo la pwani ya kusini magharibi mwa India, ni Juni 1. Nahodha wa jahazi wa zamani alijua njia hii bila ramani. Ndiyo iliyomrudisha nyumbani Malabar na Gujarat.

Ikifika Kerala hewa inakutana na milima ya Ghats Magharibi. Inalazimika kupanda, inapoa, inaangusha mvua. Kerala hupata takriban milimita 3,000 kwa mwaka. Hewa inayovuka kilele na kushuka upande wa Tamil Nadu inakuwa imepungukiwa maji, na kadiri inavyoshuka inapata joto na kuzidi kukauka. Hiki ndicho kivuli cha mvua, na mpaka hapo kila kitabu cha jiografia cha sekondari kiko sahihi.

Kuna kosa la pili linalotokana na maneno "chini ya milima", nalo nalipitia haraka. Watu wanabeba masweta. Tenkasi iko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Kuwa chini ya mlima si kuwa mlimani. Muulize mtu wa Mombo anayetazama Usambara kila siku akitokwa jasho. Aprili na Mei Tenkasi ni tanuri. Anayetaka baridi apande miji ya milimani, Kodaikanal au Ooty, akubali na msongamano wa huko.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniudhi zaidi, kwa sababu wanaokikosea ni wale wanaojua kidogo. Hawa wanasema: "Sawa, tumeelewa, Tenkasi iko kwenye kivuli cha mvua, kwa hiyo Julai ni kukavu na jua kali." Hapana. Hao wamesoma ule mchoro wa kitabuni wenye mlima mmoja kama pembetatu, mvua kushoto, jangwa kulia. Milima halisi ina mapengo. Magharibi ya Tenkasi, kwenye mji wa Sengottai, safu ya Ghats inashuka na kufanya njia. Ni njia ile ile waliyoitumia wajenzi wa reli ya Kollam, pwani ya Kerala, hadi Sengottai iliyofunguliwa mwaka 1904. Upepo nao unaitumia. Hewa ambayo kwingine inabanwa na ukuta, hapa inapenya, na ikipenya inaongeza kasi. Ndiyo maana mashamba ya mashariki ya Tenkasi yamejaa mitambo mirefu ya kufua umeme wa upepo, ambayo huzunguka kwa nguvu zaidi kuanzia Mei hadi Septemba.

Pamoja na upepo huo yanapita mawingu mafupi na matone madogo sana, ambayo bado hayajapata muda wa kukauka. Watamil wa huko wanayaita saral. Kwetu ni manyunyu, ila manyunyu yanayokwenda ulalo, yakisukumwa na upepo, na mara nyingi jua likiwa linawaka upande wa pili wa barabara. Huja kwa dakika chache, yakaondoka, yakarudi. Joto linashuka, mashamba ya mpunga yanameremeta, na milima inafunikwa na kufunuliwa na mawingu mchana kutwa. Ndio msimu ambao Watamil wa miji mingine wanapanda mabasi kuja huku. Hata serikali ya jimbo hufanya tamasha la saral Kutralam, mji wa maporomoko ya maji, kilomita tano au sita kutoka Tenkasi. Watu wanaufuata msimu huu kwa makusudi, halafu sisi tunaukimbia.

Nikiri kitu ambacho vitabu havikisemi. Manyunyu haya ni magumu kuyapima na magumu zaidi kuyatabiri. Kipima mvua kinaweza kuonyesha karibu na sifuri siku ambayo nguo zako hazikukauka tangu asubuhi. Mawingu ni mafupi, rada inayapita juu. Mifano ya kompyuta inayotumika kwa utabiri wa siku nyingi mbele inalainisha milima, na pengo la Sengottai linaweza kufutika kabisa ndani yake. Ndiyo sababu programu ya simu inakuchorea wingu na radi kwa wiki nzima, wewe unayeitegemea ukaahirisha safari. Tena kuna miaka ambayo msimu hauji vizuri: Kerala inanyesha kwa kupishana na vipindi virefu vya ukame, na Julai maporomoko ya Kutralam yanabaki michirizi juu ya mwamba. Watu wa pwani huniuliza kama kusi kali Zanzibar ni dalili ya saral nzuri Tenkasi. Mimi sifungi safari ya mtu kwa kutazama upepo wa Forodhani. Mkondo ni mmoja, lakini baina yetu na wao kuna bahari nzima inayoweza kuubadilisha. Anayekwambia ana uhakika, mwombe akuonyeshe takwimu za miaka thelathini.

Maporomoko yenyewe yanastahili maelezo, kwa sababu hapa kutoelewa mvua si suala la kukosa picha nzuri, ni suala la uhai. Mto Chittar na vijito vyake vinateremka kutoka msituni na kuanguka Kutralam sehemu kadhaa: Poromoko Kuu, Maporomoko Matano, Kutralam ya Zamani, na mengine juu zaidi. Watu wanasimama chini ya maji kabisa, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na zamani wengi walikandwa kwanza mafuta ya ufuta na wakandaji waliokaa pembeni. Mahakama Kuu ya Madras imepiga marufuku sabuni, shampuu na mafuta ndani ya maji yale, na ni amri ya kuheshimiwa, maana mto huo unakwenda kuungana na Thamirabarani unaonywesha watu na mashamba.

Lakini sikiliza: maji yanayokuangukia Kutralam hayakunyesha Kutralam. Yamenyesha juu, nyuma ya ukingo usiouona. Unaweza kusimama chini ya anga ya buluu huku kilomita chache juu yako wingu limepasuka. Mei 2024, kabla hata msimu haujaanza, maji yalishuka ghafla Kutralam ya Zamani na kumchukua kijana wa miaka 17. Kwa hiyo polisi wakipuliza kipenga na kuwatoa watu majini, toka. Usitazame juu kutafuta wingu, usibishane kwamba jua linawaka. Maji yakigeuka rangi ya udongo, toka kabla ya kipenga. Na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa jicho asikaribie maji hayo kabisa, hata kwa rasharasha, mpaka daktari wake aseme.

Utulivu? Mwisho wa juma Julai, Kutralam haina utulivu wowote. Mabasi, vibanda, nyani wanaonyang'anya ndizi, foleni ya kuoga. Ndiyo maana nasema lala Tenkasi, au bora zaidi kwenye vijiji vya pembeni, ukaende Kutralam Jumanne alfajiri. Mtu akirudi akaniambia "ule mji una kelele", najua alilala hatua mia kutoka Poromoko Kuu siku ya Jumapili.

Tenkasi penyewe pana hekalu la Kasi Viswanathar, la karne ya 15, lililojengwa na mfalme Parakrama wa nasaba ya Wapandya. Mnara wa lango lake unaonekana kabla hujafika stesheni. Simama langoni Julai, viatu umeviacha nje: upepo utakupiga kwa namna ambayo wenyeji wanaisimulia kama miujiza. Mimi naona pengo la Sengottai, mnara mkubwa, na uwazi mwembamba wa kupitia. Maelezo yangu hayaupunguzii mahali pale chochote. Fika asubuhi, mchana mahekalu hufungwa kwa saa kadhaa.

Chakula ni rahisi. Upande wa mpakani, njia ya Sengottai, kuna porota, chapati za matabaka, na kuku ambao watu husafiri mbali kwa ajili yao, na wapishi wake wengi ni Waislamu, kwa hiyo anayeuliza halali hatapata shida. Sokoni Kutralam utakuta shokishoki, doriani na mangostini. Mzanzibari atajiona yuko Darajani. Mashamba ya alizeti ya Sundarapandiapuram huchanua karibu Julai na Agosti. Simama barabarani upige picha, usikanyage mimea ya mtu. Na usishangae kuona vijana wenye kompyuta za mgongoni kwenye kijiji cha Mathalamparai: kampuni ya programu ya Zoho ilifungua ofisi hapo mwaka 2011.

Kufika: kutoka Chennai kuna treni ya usiku iitwayo Pothigai inayokwenda hadi Sengottai na kusimama Tenkasi. Kutoka Madurai kuna treni za abiria kupitia Virudhunagar na Rajapalayam, za polepole, na ukikaa upande wa kulia wa behewa milima ya Ghats inakusindikiza sehemu kubwa ya njia. Beba koti jepesi la mvua na kandambili zisizoteleza. Mwavuli uache, upepo utaugeuza.

Turudi kwa wale wa Desemba. Katika siku mbili, Desemba 17 na 18 mwaka 2023, wilaya za kusini za Tamil Nadu, Tenkasi ikiwemo, zilipigwa na mvua kubwa ya upepo wa kaskazini mashariki. Mji wa Kayalpattinam, pwani ya Thoothukudi, ulipimwa zaidi ya milimita 900 ndani ya saa 24. Hiyo ni karibu mvua ya mwaka mzima kwa wastani wa jimbo. Reli zilisombwa, na abiria wa treni moja walikwama stesheni ya Srivaikuntam huku maji yamewazunguka. Mafuriko makubwa ya Chennai ya 2015 nayo yalifikia kilele mapema Desemba. Si kila Desemba iko hivyo, na baada ya mvua hizo nchi ni ya kijani kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye ratiba isiyobanwa anaweza kwenda Januari akafurahi sana. Ila mwenye mgonjwa, mwenye tiketi ya ndege isiyobadilishwa, anayetaka milima, hewa nyepesi na maji yanayoanguka, akate tiketi ya Julai.