Usafi wa treni ya abiria: maana yake hasa

Sisi wa Mtwara na Lindi treni tunaikutia Dar es Salaam. Reli ya mradi wa karanga wa wakati wa ukoloni, iliyokuwa ikienda Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ile inayopangwa kwenda Mbamba Bay bado tunaisubiri. Lakini wengi tukishateremka basi tunaunganisha treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, hadi Morogoro au Dodoma, kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Usafi wa treni ni kuzuia maradhi ya abiria mmoja yasiwapate wenzake behewani, wala watu wanaoishi kando ya reli. Hao wa kando ya reli ndio husahauliwa. Behewa linaweza kupigwa deki likanukia vizuri, huku likimwaga uchafu wake njia nzima.

Choo cha mabehewa ya zamani ni tundu tu. Kinyesi huangukia kwenye kokoto za reli, ndiyo maana abiria hukatazwa kwenda chooni treni ikiwa imesimama stesheni. Katazo hilo huwaokoa walioko stesheni. Anayechota maji kijitoni, bondeni chini ya tuta la reli, halimsaidii kitu, kwa sababu mvua ikinyesha uchafu wote huteremkia kwake. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita njia hiyo hiyo: kinyesi, kisha maji, mikono au nzi, mwisho kinywani. Tena aliyeambukizwa kipindupindu huweza kukaa saa chache hadi siku tano kabla ya kuanza kuharisha, na wengine hawaonyeshi dalili kabisa ingawa wanatoa vimelea. Treni humtoa mtu wa namna hiyo mkoa mmoja ikamfikisha mwingine hata yeye mwenyewe hajui.

Kinga yake ni choo cha tangi. Uchafu hubaki chini ya behewa mpaka unyonywe mwisho wa safari. India wamefunga kwenye mabehewa yao matangi yenye bakteria wanaomeng'enya kinyesi. Ila tangi peke yake halitoshi. Lisiponyonywa kwa wakati choo hufungwa, na maji ya kunawa yakiisha katikati ya safari, yule aliyetoka chooni anakwenda kula kwa mkono ule ule. Kwa maoni yangu, maji na sabuni ndivyo vya kuulizia kwanza, kabla hata ya viti.

Hewa nayo imo. Kifua kikuu husambaa kwa kikohozi, hivyo behewa lenye madirisha ya kufunguka lifunguliwe, na lisilofunguka liwe na mtambo wa kubadilisha hewa unaofanya kazi.

Kwenye mabasi yetu ya Kusini tumezoea kuambiwa tuteremke porini kuchimba dawa, yaani kujisaidia, halafu tukifika kituo cha Somanga tunanunua samaki wa kukaanga bila kunawa. Hatari ni ile ile ya tundu la behewa, na inaudhi kwamba tumeichukulia kuwa ya kawaida.

Ukipanda treni yenye choo cha tangi, usitupe pampasi, taulo za kike wala chupa ndani yake. Kimoja tu huziba bomba, na behewa zima likakosa choo hadi mwisho wa safari. Ukikuta maji yamekatika, mwambie mhudumu wa behewa mapema, ili yajazwe stesheni inayofuata yenye maji.