Mita 60 hazizuii mafuriko

Wiki hii nimeisikia tena: "Injinia, sisi tuko nje ya mita 60, tathmini ya mafuriko ya nini?" Kiwanja chenyewe kiko bondeni, Dar es Salaam, na ukuta wa jirani una mstari wa tope usawa wa dirisha.

Mita 60 zinatoka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Zipo kulinda ukingo. Hakuna aliyepima maji ya mto wako yanapanda hadi wapi ndipo akaziandika. Umbali hupimwa kwa mlalo, mafuriko hufuata mwinuko. Kwenye kingo zilizosimama, mita 60 huenda zikatosha na zikabaki. Pale Jangwani, bonde la Msimbazi ni tambarare. Mto ukifurika, maji yanatandaa na kuzipita mita 60. Halafu ukingo wenyewe hautulii. Mto unaochimbwa mchanga unapanuka, na zile 60 za siku ya kuomba kibali, masika kadhaa baadaye unakuta 40. Kwa hiyo usiniletee futi kamba. Niletee mwinuko wa kiwanja na wa sakafu unayokusudia, vyote vipimwe kutoka alama ileile ya mwinuko iliyotumika kupima usawa wa maji ya mafuriko. Bila hivyo siandiki ripoti.

Visingizio vingine ninavyoletewa ni hivi. "Mafuriko ya miaka mia yalishapita 2011." Hayana zamu. Ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata mwaka unaofuata mafuriko. Kwa miaka 30, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja unafika karibu asilimia 26.

"Tutamwaga kifusi." Utapanda wewe, maji yatahamia kwa jirani, na jirani atakuja na pingamizi.

"Mto uko mbali." Mtaro ulioziba kwa chupa za plastiki unatosha.

"Hati ninayo." Hati inasema kiwanja ni cha nani, haisemi maji yanafika wapi.

Na kabla hujalipa, achana na dalali. Nenda siku ya mvua, umuulize mama lishe wa pale kona huwa anahamishia wapi jiko lake.